Shemeji Mligo na Upepo wa Juu ya Ukungu

Usiku ule nililala mapema, jambo ambalo si kawaida yangu, kwa sababu kesho yake tulikuwa turushe tiara mbele ya kijiji kizima na nilitaka mikono yangu iamke imetulia. Eliza, mke wangu, alikuwa amekwisha kulala, amenipa mgongo. Hakuwa amenuna. Hakutaka tu kusikia habari za tiara, na tangu tulipomzika mdogo wake, Mligo, sikuwa nimemlazimisha kuzisikia.

Usingizi ulinichukua bila taarifa. Nikasikia mlango wa karakana yangu ukifunguliwa, ule mlango wa bati unaolalamika ukiguswa, na mara nimo ndani, ni mchana kweupe, na Mligo amekaa juu ya gurudumu la kamba, anakula muhindi wa kuchoma.

"Shemeji," akasema, "umenenepa."

Sikushtuka. Nilijua kwamba amekufa, kama mtu anavyojua kuwa leo ni Jumapili, bila jambo hilo kuzuia lingine lolote. Nilimtazama usoni. Ule uvimbe wa ugonjwa wa figo ulikuwa umeondoka. Mashavu yake yalikuwa yale ya zamani, ya siku alipokuja nyumbani kwangu mara ya kwanza kunikagua, kuona kama nafaa kumwoa dada yake, akaishia kunitengenezea redio na kula chakula changu chote.

Lazima niseme alikuwa nani, maana wengine hawakumjua. Mligo alikuwa fundi wa minara ya simu. Kazi yake ilikuwa kupanda, kufunga vyombo kule juu, kushuka, na kuhamia mlima mwingine. Kila aliposhuka alikuwa na habari ileile. Chini, alisema, majani hayatikisiki, wanawake wanaanika nguo kwa amani. Juu ya mnara, kofia haikai kichwani. Huku kwetu nyanda za juu ukungu hukaa wiki nzima wakati wa baridi, na sola za zahanati hubaki zimekodoa macho gizani. Nguzo za umeme ziko mbali, ng'ambo ya mabonde. "Lakini juu ya ukungu kuna upepo usiolala," Mligo alikuwa akisema. "Tatizo letu ni kwamba tunaishi chini yake."

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi, nafundisha mitambo. Nilimwambia mnara mrefu hivyo hatuwezi kuujenga. Akanijibu kwamba hakuna haja ya mnara. Tuupeleke juu mkono, si mwili mzima. Ndipo tukashona tiara: bawa la kitambaa cha parachuti, pana kuliko sebule yangu. Inapaa ikiwa imefungwa kwa kamba ndefu, na kamba imeviringishwa kwenye gurudumu lililoungwa na jenereta, huku chini, ardhini. Upepo ukiivuta tiara, kamba inafunguka, gurudumu linazunguka, umeme unatoka. Kamba ikikaribia kuisha, tunailaza tiara isishike upepo, mota inairudisha kwa nguvu kidogo, kisha inaachiwa tena. Ni kama kuvuta pumzi na kuitoa. Tuliwasha taa nayo. Siku ile Mligo alizunguka uwanja akicheza peke yake, na mimi nikaona haya kwa niaba yake, kisha nikajiunga.

Sasa yuko mbele yangu, ananipa nusu ya muhindi. Ninauuma. Ni wa moto.

Anashuka kutoka kwenye gurudumu, anaisugua kamba kwa vidole viwili, kama mshona nguo anavyosugua kitambaa sokoni.

"Umebadilisha kamba."

"Hii ni nyepesi," ninamwambia. "Kesho itafika juu kuliko tulivyowahi kufika. Wakiona vile, watakubali."

Ananirekebishia kola ya sweta, kama alivyokuwa akifanya nikitoka kwenda kazini, kisha anafungua mlango.

Nje si uani kwangu. Ni mgongo wa kilima, na ukungu umeshika kila kitu, hata miguu yetu siioni. Kamba imesimama mbele yetu ikipotea juu, na Mligo anaanza kuipanda kama alivyopanda minara yake, bila haraka, akipiga mluzi. Mimi siogopi kumfuata. Katika maisha sijawahi kupanda hata mparachichi. Lakini ninapanda nyuma yake, nikitazama visigino vya buti zake, na ukungu unakuwa mweupe zaidi, unakuwa mwembamba, unakwisha.

Tuko juu. Chini yetu ni weupe mtupu mpaka macho yanapokoma, na vilele vya milima vimejitokeza kama mafungu ya mawe katika maziwa. Jua limejaa. Upepo unapita kwa nguvu moja, haugongani na misonobari, haupindwi na mabonde, unakwenda tu. Tiara yetu iko palepale, inachora namba nane angani, na kwa mbali chini ninasikia gurudumu linavuma.

Mligo ametanua mikono. Anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Upo," anasema. "Sikukudanganya."

"Sikuwahi kudhani umenidanganya."

"Nilitaka uone kwa macho yako."

Nilitamani tukae pale. Sikuwa na swali hata moja. Nilikuwa na shemeji yangu, na upepo aliokuwa akinisimulia miaka yote ulikuwa ukimpeperusha shati, na nikawaza kwamba nikishuka nitamwambia Eliza aje naye aone.

Kisha ukungu unafunguka chini yetu, mahali padogo tu, na ndani ya tundu lile naliona paa la jiko la Mama Kaduma, jirani yetu.

Nalijua paa lile. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilirusha tiara peke yangu, upepo ukakatika ghafla, kamba ikalegea, na bawa zima likaja kumwangukia jikoni kwake. Bati mbili zilibonyea. Mama Kaduma hakuumia, lakini alikuwa ndani, na alitoka amefunika kichwa kwa mikono miwili. Nilibadilisha bati, nikaomba radhi, na aliipokea radhi yangu vizuri. Ila tangu hapo kijijini wakisikia mtambo wa upepo wanatazama juu kwanza, halafu wananitazama mimi. Kesho yake ndiyo walikuwa waamue kama tuufunge mtambo kilimani kwenye zahanati, au tufunge virago.

Katika ndoto Mama Kaduma amesimama mlangoni mwa jiko, uso ameuinua kwetu. Haoni kitu. Anasikiliza tu.

Na upepo unakatika.

Tiara inasimama, inatetemeka, inaanza kujikunja. Natafuta breki na mikono yangu imejaa muhindi. Naita, "Mligo!" Yeye amekaa kwenye kamba kana kwamba amekaa kwenye benchi la nyumbani, na anamtazama yule mama kwa huruma kubwa.

"Huku juu hakuna tabu, Shemeji," anasema. "Tabu iko pale."

"Nifanyeje?"

"Wale hawaogopi inavyopaa. Wanaogopa itakapoangukia. Kesho usiwaonyeshe urefu. Waonyeshe inavyotua."

Nataka kumjibu kwamba kutua ndiyo sehemu ngumu, kwamba upepo wa karibu na ardhi ni wa vurugu, kwamba kamba mpya sijaijaribu ikilegea. Anaitikia kwa kichwa kabla sijafungua mdomo, kama mtu anayesema ndiyo, ndiyo, hayo ndiyo ya kushughulikia.

Halafu hatuko juu tena. Tuko wodini. Shuka ni nyeupe kama ule ukungu, na Mligo amekaa kitandani, bakuli la plastiki la kijani liko mapajani mwake, anakula maharage. Anakula polepole. Amefumba macho.

"Mwambie Dada," anasema, "yale maharage yake nilikuwa nayasubiri toka asubuhi."

"Nitamwambia."

"Yote mawili usisahau, la kutua na la maharage."

Anaendelea kula. Mimi nimekaa pembeni ya kitanda, sina haraka, namtazama anavyokomba bakuli kwa kijiko. Nanyoosha mkono nimguse bega, na bega ninaloligusa ni la Eliza, na dirisha limeanza kupata mwanga.

Aligeuka. "Ulikuwa ukiongea," akasema. "Ulikuwa ukimwita."

Nikamweleza. Nilianza na tiara kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi, kamba, ukungu, Mama Kaduma, kutua. Alisikiliza akitazama dari. Nilipofika kwenye bakuli la kijani na maharage, akaketi.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Daktari alikataza chumvi," akasema. "Nikawa nampelekea maharage ya maji matupu. Anatafuna polepole, anafumba macho, nami nasimama pale nikijua namlisha mdogo wangu chakula kisicho na ladha, na ndicho cha mwisho. Sijamwambia mtu. Hata wewe."

"Alisema alikuwa akiyasubiri toka asubuhi."

Eliza alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalimtikisika muda mrefu, na sikujua ni kilio au kicheko mpaka aliposema kutoka ndani ya kanga, "Mwongo mkubwa yule." Kisha, "Lakini alikuwa anakomba bakuli, ni kweli. Alikuwa anakomba."

Tukanywa chai. Nilikwenda karakana nikaifungua kamba mpya kwenye gurudumu na kurudisha ile ya zamani, nzito, ambayo tabia zake nazijua. Nilipogeuka, Eliza alikuwa mlangoni amevaa koti na viatu vya shambani.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa, wamesimama mbali kidogo na mtambo, na sikuwalaumu. Niliwaambia kwamba leo hatutakwenda juu sana. Tulikwenda mpaka tiara ikagusa tumbo la ukungu, taa zikawaka, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha nikaomba waangalie chini, pale kwenye nyasi nilipochora duara kwa chokaa, nikaanza kuishusha. Mara ya kwanza ilitua nje ya duara. Nikairusha tena. Mara hii, ikiwa katikati ya njia, upepo ukalegea wenyewe, kamba ikaanza kulegea na kushuka tumbo, na nikasikia mtu akisema "Haya!" nyuma yangu. Mota ikaivuta. Nikailaza tiara, ikaja imenyooka, ikakaa ndani ya chokaa taratibu kama kuku anayetulia juu ya mayai.

Mama Kaduma ndiye aliyeuliza kwanza. "Na siku upepo ukikosekana kabisa?"

"Zahanati itatumia betri," nikamjibu. "Zikiisha, hakuna umeme mpaka upepo urudi."

"Na radi?"

"Mawingu yakinguruma haipandi. Kamba ikilowa inaweza kuileta radi mpaka chini."

Alizigeukia nyumba za jirani. "Basi iwe mbali na nyumba za watu."

Na hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Hatukupewa kilima cha zahanati. Tulipewa malisho ya zamani, nyuma ya shamba la misonobari, mahali ambapo ikianguka itaangukia nyasi. Itabidi tuvute waya mrefu kufika zahanati, na kabla ya hapo tuombe ruhusa ya wanaosimamia njia za ndege, na tujifunze kutua wakati wa vumbi, wakati wa mvua, wakati wa upepo wa kuzunguka. Sijui kama itawezekana kwa kila mahali. Kwa malisho yale, naamini inawezekana.

Watu walipotawanyika, Eliza aliikaribia tiara iliyolala. Aliinama, akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Ni ya baridi," akasema. "Kumbe huko juu kuna baridi hivi."

"Ndiyo."

Akabaki ameinama kidogo. Kisha akashika pembe mbili, mimi nikashika mbili, tukarudi nyuma mpaka kitambaa kikanyooka kati yetu, tukakikunja pamoja, kama tunavyokunja shuka nyumbani.