Nyundo ya Nyuma ya Picha

Nianze na aibu: mimi, baba wa watoto watatu, nilikimbia mchana kweupe na kiatu kimoja, juu ya mzungu aliyekufa zamani.

Mimi na wenzangu tunachomelea milango ya chuma ndani ya kiwanda cha zamani, hapa Durban. Mzungu huyo alikijenga wakati wa ukoloni, akitengeneza masufuria ya chuma. Picha yake bado iko ukutani, wafanyakazi weusi wamesimama nyuma yake. Jina lake limeandikwa chini, yao hapana. Shule niliacha katikati, lakini hiyo niliweza kusoma.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Nikapiga chuma, nyundo ingine ikanijibu kutoka nyuma ya picha. Nikaacha kupiga. Yenyewe ikaendelea. Eish! Nikajikuta barabarani, kwa robot, zile taa za kuongoza magari.

Nikamwambia rafiki yangu Mtanzania, anayeuza simu pale kwenye kona, kwamba sirudi, hata kama kazi ingine sina: mzungu anataka kiwanda chake. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu tukaenda kuangalia ile picha, akaacha kucheka.

"Ona mikono ya bosi, kaka. Haina hata kovu. Huyu hakuwahi kushika nyundo. Anayepiga ni mmoja wa hawa wa nyuma, na bado yuko kazini."