Mbolea ya Mjomba Ilivyohamia kwenye Maboga

Mjomba wangu tunamwita Injinia kwa sababu ana pampu. Cheti hana, pampu anayo, na ukibishana naye anaiwasha ili asikusikie.

Msimu huu Bibi alimpa onyo la mwisho: lile shamba la kichanga likikosa vitunguu tena, analichukua na kumpa mdogo wake, yaani mama mdogo wangu, anayelima maboga pale chini ya mteremko.

Mjomba akacheka. "Mama, safari hii ukilia utalia kwa sababu ya vitunguu, siyo kwa sababu yangu."

Muuza pembejeo alishamwambia: mbolea ya yurea iweke kidogo kidogo, na maji usizidishe, mchanga haushiki kitu. Injinia wetu akaona hayo ni mambo ya watu wasio na pampu. Akamwaga mfuko mzima kwa mkupuo, akawasha mashine, akatupia picha kwenye grupu la familia, miwani ya jua usoni: "Kilimo cha kisasa. Wivu pembeni." Maji yakatembea kutwa. Mchanga ukayameza, juu ukabaki mkavu kama haujui kilichotokea. Kesho yake akarudia kumwagilia, na kila siku iliyofuata, eti kuhakikisha.

Vitunguu vikapauka, majani yakawa ya njano, yamelala kama wagonjwa. Huku chini maboga ya mama mdogo yakachanganyikiwa kwa raha! Majani mapana kama ungo, tawi moja likafika hadi paa la choo chake.

Mjomba akavamia grupu kwa herufi kubwa: KUNA MTU ANANIIBIA MBOLEA.

Mama mdogo akajibu kwa ujumbe wa sauti, kuku wanalia nyuma: "Kaka, nimeinyonya kwa mrija au?"

Bibi akatuita wote shambani. Akachimba kando ya kitunguu kimoja. Mizizi mifupi, haba kama ndevu za mtoto wa sekondari, na chini yake mchanga umelowa chapachapa, maji yanajipenyeza taratibu kuelekea kwenye maboga.

"Hajakuibia," Bibi akasema. "Umempelekea mwenyewe. Na nauli umelipa wewe, kwa dizeli."

"Kwa hiyo maboga nusu ni yangu?" Injinia akauliza, uso mkavu kabisa.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Shamba akapewa palepale.

Mjomba bado yupo, ila sasa ni fundi pampu chini ya uangalizi. Maji yakizidi, mdogo wake anapaza sauti kutoka bondeni, "Injinia, zima!"

Anazima. Ila kwanza anajifanya hajasikia.