Risasi ya Kulungu: Kutoka Laurel Hadi Bonde la Shenandoah

Mume wangu Simiyu alifariki mwezi wa Machi. Kila Novemba alikuwa akienda kuwinda kulungu kwenye shamba la Walter na Ruth, wazee wanaolima matofaa upande wa pili wa milima ya Blue Ridge, katika Bonde la Shenandoah, Virginia. Kulungu wa huko hutafuna miche mpaka ibaki vijiti, na nyama aliyorudi nayo Simiyu tuliila sisi na watu wengi wa kanisa letu hapa mjini Laurel. Ruth aliponipigia simu kunipa pole, alisema basi watatafuta mwindaji mwingine. Nikajisikia nikimjibu, "Msitafute. Nitakuja mimi."

Kiangazi chote nilisoma darasa la wawindaji baada ya zamu zangu za kuuguza wazee. Nikapata leseni, nikajifunza kulenga. Binti yetu Faith, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza ninataka kumthibitishia nani nini. Nilimwambia, "Simthibitishii mtu. Nimesema nitaenda."

Ijumaa moja ya Novemba, asubuhi, tuliondoka Laurel, barabara ikiwa bado na ukungu. Aliyeendesha ni Pascal, rafiki wa Simiyu kutoka Bukavu, tunayefanya naye kazi. Bunduki ya Simiyu ilikuwa nyuma, ndani ya mkoba wa bunduki, imefungwa kufuli.

"Shemeki, kukupeleka mi nitakupeleka," alikuwa ameniambia, akiniita shemeji kwa Kiswahili cha kwao, "lakini ile bunduki, mi sishike."

Mjini Manassas tulisimama kwenye duka la vifaa vya uwindaji. Nilikuwa na boksi la risasi alizoacha Simiyu, za greni mia moja na themanini. Greni ni kipimo kidogo cha uzito, na kinachopimwa ni kile kichwa kinachoruka, si risasi nzima; kikiwa kizito, bunduki humpiga mpigaji teke kubwa zaidi begani. Simiyu alikuwa mtu wa kifua kipana. Mimi nikisimama kando yake nilimfikia kwapani. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye ndevu, alinitazama bega kwanza, ndipo akaniwekea mezani boksi la risasi nyepesi.

"Hizi hazitakuumiza," akasema.

"Zitamfanya nini kulungu?"

Akasema ukweli. Zile zilikuwa za kuulia wanyama wadogo waharibifu. Zinakwenda kasi mno na ganda lake ni jembamba, kwa hiyo zikigonga bega la kulungu zinaweza kuvunjikavunjika juujuu bila kufika mapafuni. Mnyama anakimbia na kidonda, anakufa polepole mahali usipomwona.

"Basi ziondoe."

Nikaashiria boksi jingine, la risasi zilizofunikwa shaba mpaka nchani. Kabla muuzaji hajafungua mdomo, Pascal, aliyekuwa amesimama karibu na mlango muda wote, alisogea.

"Hizo apana, shemeki. Hizo ni za basoda. Zinapita tu. Mutu anapigwa na anaendelea kukimbia, tundu iko ndani."

Sikumuuliza hayo ya risasi za wanajeshi ameyaonea wapi. Nilinunua za greni mia moja na hamsini, zenye ncha ya madini laini inayofunguka ndani ya mnyama bila kuvunjikavunjika. Hata hivyo, moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua kutumia zile za Simiyu. Hizi nilizichukua za akiba tu.

Alasiri tulifika shambani. Ruth alinikumbatia kwa muda mrefu, kisha akamkaribisha Pascal jikoni. Walter, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alinipeleka bondeni alikokuwa amebandika karatasi ya shabaha mbele ya tuta la udongo.

Nilianza na za Simiyu. Bunduki ilinipiga teke begani hadi meno yakagongana. Nikapiga tena, na tena. Tulipokwenda kuitazama karatasi, matundu yalikuwa yametawanyika kama mtama uliomwagika.

"Risasi ni nzuri," Walter akasema. "Ila unafumba macho kabla ya kufyatua."

"Simiyu alitumia hizi."

"Alitumia hizi kwa sababu zilimfaa yeye. Kwingine alikuwa akiwinda wanyama wakubwa kuliko hawa, na hakupenda kubadilisha." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Kulungu wa kesho hajui Simiyu alipiga nini."

Neno lile liliniuma. Nilisimama pale nimeshika boksi la mume wangu, machozi yananilenga, nikatamani kubishana, lakini karatasi ilikuwa mbele yangu. Nililifunga boksi nikafungua langu. Teke lilikuwepo bado, ila niliweza kulistahimili macho yakiwa wazi. Matundu yalikaribiana, ingawa yote yaliangukia pembeni, kwa maana risasi ya uzito tofauti hutua mahali tofauti. Walter alirekebisha darubini ya bunduki, nami nikapiga mpaka kikombe cha chai kingeweza kuyafunika matundu yote, katikati ya shabaha.

Jumamosi, jua lilipoanza kugusa vilele, nilikuwa nimeketi ukingoni mwa shamba na Walter, sote tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Kulungu jike alitoka msituni akatembea moja kwa moja kuelekea kwetu. Kifua chake kilikuwa mbele yangu. Niliona pumzi yake. Sikufyatua, maana kwa mbele ni rahisi kuyakosa mapafu. Nilingoja hadi alipogeuka ubavu kula machipukizi, nikaweka alama ya darubini nyuma ya mguu wa mbele, nikafyatua.

Aliruka, akakimbia, akapotea kichakani.

Nikataka kumfuata. "Nimemjeruhi," nikasema.

"Ngoja kwanza," Walter akasema. "Hata aliyepigwa vizuri hukimbia."

Tulipoinuka, Pascal alikuwa anakuja kutoka nyumbani, uso umemkauka. Ni yeye aliyeona damu ya kwanza kwenye majani, nyekundu yenye mapovu, damu ya mapafu. Hatukwenda mbali. Kulungu alikuwa amelala chini ya ukuta wa mawe, amekwisha kufa. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo, la kutokea pana kidogo, na nyama ya bega haikuharibika. Nilipiga magoti nikaweka mkono shingoni mwake, bado kuna joto, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumapili tulirudi, nyama ikiwa ndani ya barafu. Tulipokaribia Manassas, Pascal aliongea bila kuondoa macho barabarani.

"Kule kwetu nilisikia masasi mingi sana, shemeki. Hata moja sikujua nani anapiga, na juu ya nini. Jana nilisikia moja, na nilijua."

Jioni nyumbani Faith alikula sahani mbili za nyama ile, akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kusitasita, kama aliumia yule mnyama. Nilimwambia kidogo, si kwa muda mrefu. Hilo ndilo nililojifunza safarini: ukichagua risasi unachagua namna mnyama atakavyokufa, na uchaguzi huo hawezi kukufanyia mtu mwingine, hata kama ulimpenda.