Hasira ya Bi Zuwena

Bado nnaisikia ile ndoo ilivyolia ilipogonga mawe, kisha chubwi, ikazama kisimani mwa jirani yetu Bi Zuwena. Mtaa wetu huu wa Maskati, chini ya majabali makavu, kisima ni hicho hicho, na sisi tuliotoka Unguja tunachota kwa ihsani yake. Ndoo yenyewe yake. Nikakimbia bila kumwambia mtu.

Kesho yake akaja mlangoni, anahema, anasema Kiarabu cha haraka. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani bila kuelewa, lakini neno moja nililidaka: hasira. Akalirudia, na mikono kaitanua kuonyesha ukubwa wake.

Nikajua basi, maji tumenyimwa. Nikampigia magoti, nikambusu mikono, nikalia kwa Kiswahili, "Nisamehe, bibi yangu, ndoo iliniponyoka." Naye maskini akaanza kulia pamoja nami, hajui msiba wa nani.

Mama akatoka jikoni, akamsikiliza, kisha akaniangalia.

"We mtoto, unalia nini? Ana wageni, anaazima mkeka. Hasira kwao ni mkeka."

"Na ndoo?"

"Ndoo ipi?"

Ikabidi niseme. Mama akafasiri, na Bi Zuwena akacheka mpaka akakaa chini, akanifuta machozi kwa shela yake. Ndoo walishaiopoa jana ile ile.

Nikajitwika mkeka wetu mkubwa kumpelekea. Uchochoroni, nilipoona hapana mtu, nikasimama nikajifundisha kwa sauti ndogo: hasira ni mkeka, hasira ni mkeka.