Kapteni na Jogoo wa Watu

Miezi minne nimekaa na aibu hii, na wenzangu wa dukani Nakawa wameshaisikia kwa midomo ya wengine, kwa hiyo acha niisimulie mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi zaidi (ingawa, kusema kweli, chumvi haina pa kukaa tena).

Yote yalianza na fomu. Kina Nakato, kikundi cha kujitolea kinachookota mbwa wa mitaani, hawakupi mbwa hivi hivi. Wanakuhoji utadhani umekuja kuposa, na palipoulizwa kama nimewahi kufuga mbwa nikaandika tangu utotoni, na kuwafunza pia najua. Uongo mtupu. Lakini nilikuwa nimeshamwona Kapteni, sikio moja limesimama, lingine limelala, na tangu nihamie Kyambogo, hapa Kampala, kutoka Machakos hakuna aliyewahi kunisubiri mlangoni. Wakanipa kwa majaribio ya mwezi mmoja: kila Jumamosi nitume picha, na akinishinda wanamchukua. Nakato akanieleza kwamba mbwa huyu alikulia kwenye nyumba za polisi, amezoea Kiswahili cha kule. Nikamwambia nnyabo (ndiyo “mama” kwa Kiganda), mimi Mkenya, upande wa Kiswahili ondoa shaka.

Jumamosi ya kwanza nikaona kamba inaharibu picha, nikaifungua. Sekunde mbili tu, jamani. Kapteni akanitazama, akanusa upepo, akaondoka.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu kulikuwa na kwanjula, ile siku mchumba anapoleta watu wake kujitambulisha ukweni: hema zimepigwa, wanawake wamevaa gomesi, wanaume kanzu, wageni wamejipanga mstari wakiingiza zawadi. Kapteni akapita katikati yao, mimi nyuma yake na kaptula na ndala, na mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba upande wa bwana harusi umeongeza watu. Wakacheka. Kisha Kapteni akamtoa jogoo kwenye kikapu chenye riboni, akaenda kulala naye chini ya meza kuu.

Kama hujui, jogoo yule si kitoweo. Ni wa muko, kaka wa bibi harusi, na asipokabidhiwa mikononi mwake hakuna ndoa. Nikaingia chini ya meza kwa magoti, nikabembeleza, Kapteni tafadhali, mwachie, baba, huku jogoo analia, bibi harusi naye analia, na Kapteni ananitikisia mkia. Kisha nikasikia sauti ninayoijua. Nakato alikuwa mgeni mwalikwa, na gomesi yake.

“Ssebo, kwa fomu uliandika wewe najua kufunza mbwa. Sasa funza.”

Mshereheshaji (Mungu anamwona) akashusha kipaza sauti mpaka chini ya meza.

“Nilidanganya,” nikasema, na hema nzima ikasikia. “Sijawahi kufuga hata paka. Lakini msimchukue, nampenda.”

Hapo akaja mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, polisi mstaafu kutoka Gulu, bila haraka yoyote, akainama.

“Wacha hiyo kuku. Kaa chini.”

Kapteni akamwachia jogoo, akakaa wima kama yuko gwarideni. Miaka yote ya kujisifu Kiswahili hapa Kampala, nikashindwa na maneno matano.

Jogoo alikuwa mzima, amepungukiwa na manyoya ya mkia tu. Muko akampokea, vigelegele vikapigwa, na mimi nikatozwa faini ya kucheza ngoma mbele ya wakwe wa watu na kaptula ile ile. Nakato akanisindikiza hadi getini, kamba ya Kapteni mkononi mwake, nami nikajua ndiyo basi, machozi yakanilenga.

“Watu narudisha mbwa, nasema mbwa mbaya,” akasema. “Wewe umesema wewe ndiyo mbaya. Baki naye. Lakini kila jioni enda kwa ule afande, afunze nyinyi wawili.”

Tangu hapo kamba siifungui, na fomu yoyote, hata ya benki, naijaza kwa hofu ya Mungu. Ile picha ya Jumamosi ya kwanza wala sikuhitaji kuituma, maana mpiga picha wa sherehe alishaipiga: Kapteni ametulia na jogoo mdomoni, na pembeni makalio yangu yamechomoza chini ya kitambaa cha meza. Iko kwa kina Nakato, mwanzoni mwa faili, na kila anayekwenda kuomba mbwa anaonyeshwa kabla hajapewa kalamu.