Manowari Iliyovishwa Chuma

Kosa langu lilikuwa kusoma vizuri. Unguja nilikhitimu Kurani nikiwa mdogo, na herufi za Kiarabu nazitamka kama nimezaliwa nazo. Maana yake ndiyo siijui. Basi siku arbabu, mwenye karakana ya mtaa wa Ghala, Maskati, tulikotengeneza meli ndogo za maonyesho, aliponipa karatasi za manowari ya kale ya Kifaransa, nilizisoma kwa sauti bila kukwama.

"Mashaallah," akasema. "Zinjibari huyu Kiarabu chake safi."

Nikazikunja karatasi kama mtu aliyezielewa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sie wenye asili ya Omani tuliorudi Maskati kutoka Unguja bado tulikuwa tukichekwa kwa Kiarabu chetu. Nami nilikuwa na haja. Mama yangu alibaki Unguja peke yake, na viza yake ilingoja saini ya arbabu. Alishaniambia: kwanza meli, halafu saini. Aliyeiagiza ni mzee mmoja wa Matrah, mpenzi wa manowari za zamani, na alitaka ielee kwenye birika la uani kwake.

Katika karatasi zile nilitambua neno moja tu, hadid, chuma, kwa kuwa limo kwenye Kurani. Lilijaa kila ukurasa. Nikasema, basi, meli ya chuma. Nikakata mabamba mazito, nikachomelea kutoka mkuku mpaka sitaha, nikatoboa matundu ya mizinga ubavuni, nikasimamisha milingoti mitatu na bomba moja la moshi. Wiki sita. Ilipendeza, wallahi.

Tulipoitia kwenye tangi la maji ikazama papo hapo. Mchomeleaji mwenzangu, Mkenya wa Nakuru, akachungulia ndani.

"Aki, mzee, wewe umetengeneza nanga," akasema, na karakana nzima ikacheka.

Arbabu hakucheka. Alinipa siku kumi, na fomu ya mama akairudisha kwenye droo.

Jioni ile nilimpigia mama kutoka kibanda cha simu Ansab, nilikopanga chumba. Nikamweleza yote, hata uongo wangu wa Kiarabu. Nililia, mtu mzima mie.

"Hebu nisomee hiyo meli inaitwaje," akasema.

"Safina mudarraa."

"Si ndiyo deraya hiyo? Deraya ni vazi la chuma la vitani, huvaliwa, mwanangu. Umeshona nguo, mvaaji yuko wapi?" Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote.

"Na kile kikohozi, mama?"

"Mie nnakohoa tena? Mzima, alhamdulillahi. Kashughulike na meli yako."

Asubuhi nikaenda Matrah kwa mzee mwenye meli, nikakiri kuwa nasoma nisichokielewa. Kumbe Kiswahili anakijua, alikaa Mombasa ujanani. Akanieleza taratibu kwamba manowari ile ilikuwa ya mbao, kisha ikavishwa mabamba ya chuma yenye unene kama upana wa kiganja. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwenda bahari kuu, na Waingereza walipoiona wakakosa usingizi. Haukupita muda nao wakaunda yao, chuma mwili mzima, na ile ya Wafaransa ikawa imepitwa. Baada ya miaka ishirini na ushei wakaivunja.

"Meli za namna ile mbao zilikuwa zikioza chini ya chuma," akasema. "Nje rangi inang'aa, huoni kitu."

Nikaunda upya, mbao ndani, bati jembamba nje. Siku ya kumi ikaelea. Arbabu akasaini, mkono ukimwendea polepole, nami nimesimama mbele yake naomba Mungu asighairi.

Mama alitoka mlangoni uwanja wa ndege kajitanda buibui, kajipaka poda na wanja, anacheka.

"Umeniona? Mzima!"

Nikamkumbatia. Ndani ya buibui nilishika mifupa mitupu. Ewe Mola wangu! Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu kabla ya meli.

"Ningekwambia, ungeiacha meli ukaja Unguja," akasema. "Na mie nilitaka kuja."

Hospitali daktari alizitazama picha za mapafu, akaniuliza kwa Kiarabu. Safari hii sikujifanya. Nikamwomba muuguzi anifasirie.

"Anauliza mbona mmechelewa," akasema. "Mngemleta miezi miwili nyuma, angeweza kumsaidia."

Miezi miwili nyuma nilikuwa Ghala, nachomelea nanga.