Samaki Aliyeelekea Mpepai

Walburga hakuzaliwa ziwani, na kijiji kizima cha Lipingo hakikumwacha asahau. Alishuka kutoka Mpepai, kwenye kahawa na mahindi, akaolewa na Tobias mvuvi, akajifunza kuparua samaki mpaka vidole vikaota sugu, na bado wanawake wa ufukweni walimwita Mama wa Milimani. Hakuwawekea kinyongo. Alikuwa mbishi tu, na ubishi huo ndio uliomfaa mwaka Tobias alipovunjika mguu.

Mtumbwi ulimwangukia alipokuwa akiuvuta nchi kavu na wenzake. Mfupa uliunga, lakini mguu ukabaki mfupi, na Tobias akahamia uani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo ziwa halionekani. Nyavu zake alisema zichomwe. Mtu aliyekuwa akiupima upepo kabla hata ya kunywa uji, sasa hakutaka mawimbi yatajwe mbele yake. Walburga alimpikia, akamtania, akamnunia, yote bure. Alitaka jambo moja tu: mumewe atoke mbele ya nyumba, alitazame ziwa.

Nyavu hakuzichoma. Nani achome kitu cha maana namna ile? Alikata mianzi, akaipinda mbele ya nyumba ikawa umbo la samaki mrefu kuliko kitanda, akaivika nyavu. Ndani akamjaza kama wanavyolima ngolo, yale mashamba ya mashimo ya huko kwao milimani: nyasi zinapangwa kwanza, udongo unafukiwa juu. Kwa Wamatengo, watu wa kwao, kupanga nyasi ni kazi ya mume, kufukia ni ya mke. Lakini mume wake alikuwa anatazamana na ukuta wa uani, kwa hiyo Walburga alifanya zote mbili, huku akinung'unika. Mapezi aliyakata kwenye ndala zilizotupwa ufukweni na maji. Jicho likawa kifuniko cha ndoo. Kwenye matundu ya wavu akachomeka marando ya viazi, majani yake yawe magamba.

Mvua zilinyesha, samaki akawa kijani kibichi. Majirani walikuja kucheka, na wakati wanacheka wakachuma matembele, hivyo magamba yalikuwa yakinyolewa na kuota upya. Walburga aliwapenda hivyo hivyo.

"Chumeni mgongoni," aliwaambia. "Tumboni mwacheni anenepe."

Siku moja jirani yake Edina alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji Tobias," aliita kuelekea uani, "njoo uone samaki wa mkeo. Ametuaibisha ziwa zima."

Kisha fimbo ikasikika ikigonga sakafu, ikapita sebuleni, na Tobias akasimama mlangoni, amefinya macho kwa mwanga. Alimzunguka samaki akichechemea.

"Mama Hilda, huyu amekaushwa," alimwambia mkewe.

"Amekaushwa vipi, na majani yote hayo?"

"Kinywa wazi, mkia umejikunja juu. Huyu ametoka kwenye moshi. Samaki mzima hakai hivi."

Walburga alitazama, akaona aibu ya kweli. Miaka yote hiyo alikuwa ameparua samaki wabichi, lakini mikono yake ilipoachiwa kuumba, ilimuumba yule wa utotoni, aliyefika Mpepai mkavu ndani ya tenga.

"Halafu anaelekea wapi?" Tobias aliendelea. "Ziwa liko kule. Samaki gani anapanda milima?"

"Wa kwenye tenga," Edina akadakia.

Tobias akacheka. Alikuwa amenyoosha fimbo kuonyesha ziwa, macho yakaifuata fimbo, yakabaki huko. Kicheko kilikwisha naye bado anatazama. Walburga alishika pindo la khanga yake. Alimpenda mno wakati ule, yeye na mguu wake mfupi na kisirani chake chote.

Walijaribu kumgeuza samaki, lakini mizizi ilikwisha kushika ardhi.

"Mwacheni," Tobias alisema. "Anakwenda ukweni kunisalimia wazee. Nimekaa mno bila kuwajulia hali."

Akaketi pale pale, uso umeelekea majini, akaomba uji wake uletwe huko mbele. Alipomaliza alisema wavu uliobaki usikatwe ovyo. Watatengeneza samaki mwingine, safari hii aliye hai, anayekwenda ziwani.

"Basi kesho nitakata nyasi," alisema Walburga.

"Kata," Tobias akajibu. "Ila kuzipanga nitazipanga mimi."